Mkebe Ulisema Wametimia

Jumamosi alasiri, Februari 1996. Voi.

Leo jua limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Zawadi amelala sakafuni juu ya leso. Nimemvua nguo zote kwa sababu mgongo wake umejaa vipele vya joto. Miezi saba tu na tayari anakoroma kama baba yake. Nimekaa mlangoni nipate hewa, na magotini nina madaftari mawili. Hili langu, ambalo hakuna anayelisoma. Na lile la kuzunguka, ambalo tunalisoma walimu watatu, na wa nne ni Madam.

Sijui niandike nini katika lile. Ndiyo maana naandika katika hili.

Nianze mbali kidogo, labda kichwa kitatulia.

Mwaka jana tuliitwa semina sisi walimu wa nasari ambao hatukusomea ualimu. Mimi nilimaliza darasa la nane, basi. Nilipewa darasa kwa sababu nilikuwa napenda watoto na mwandiko wangu ni mzuri. Madam Eliza, mkufunzi wetu, alitugawa vikundi vya watu watatu na kila kikundi akakipa daftari moja nene lenye jalada gumu. Akasema, "Chuo hakina nafasi yenu nyote. Basi fundishaneni. Mtu aandike alichojaribu darasani, kilichofaulu na kilichoanguka. Halafu ampelekee mwenzake. Mwenzake asome, aandike pembeni anavyofikiri, kisha aandike ya kwake."

Tulitazamana. Mtu mzima unaandika ulivyoshindwa halafu unampa mtu mwingine asome?

Katika kikundi chetu niko mimi hapa Voi, kuna Mwalimu Naomi wa Taveta, na Mwalimu Wanza wa Maungu. Daftari likitoka kwangu linaenda Taveta na Mama Bahati, ambaye huleta ndizi soko la hapa na la Maungu. Naomi akimaliza linarudi pamoja na ndizi, linashushwa Maungu kwa Wanza, na Wanza akimaliza linanirudia mimi. Mzunguko mmoja ni wiki tatu, mara nyingine nne. Sasa daftari lote linanuka ndizi mbivu na kurasa za katikati zina madoa ya utomvu ambayo hayatoki.

Haki nililipenda lile daftari. Nilikuwa nikilipokea nasoma nikiwa nimesimama palepale sokoni. Mara ya kwanza niliandika kwamba nimeshindwa kabisa na mtoto anayeuma wenzake, na nimelia chooni ili watoto wasinione. Niliandika hivyo hivyo. Wiki nne baadaye nikakuta Naomi ameandika pembeni kwa penseli, kwa yale maandishi yake madogo: "Wangu pia alikuwa anauma. Nilimpa kazi ya kugawa vikombe. Mdomo ukawa na kazi ya kuita majina." Na Wanza chini yake: "Mimi nilimuuma na yeye. Usifanye hivyo, mamake alikuja na mwiko."

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye kibanda cha nyanya akaniuliza kama niko sawa.

Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kazi yangu kwa njia ile. Darasani kwangu niko peke yangu siku nzima na watoto thelathini na wanne. Lakini jioni nikifungua daftari, tuko watatu.

Sasa mkebe.

Huku kwetu wazee wengi hawataki mtu ahesabiwe kwa kidole. Mbuzi unaweza kuhesabu, mtoto hapana. Mamangu mzazi ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu "wako," anaendelea na kazi yake. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini nikiwa mwalimu nililisahau. Kila watoto wakirudi ndani baada ya uji wa saa nne, nilikuwa nasimama mbele na kidole, moja, mbili, tatu. Siku moja akaja nyanya wa mtoto anayeitwa Wakesho. Mama mzee, fimbo mkononi, hakutaka hata kukaa.

"Wewe ndiwe unayewanyooshea watoto kidole?"

"Nawahesabu tu, nyanya, nijue kama wametimia."

"Wametimia wapi? Kaburini?" Akamshika Wakesho mkono. "Huyu umeshamnyooshea mara ngapi? Hebu nihesabu na mimi tuone kama utafika jioni."

Akaondoka naye. Kesho yake hawakuja watoto watano.

Nilifikiri siku mbili. Kisha nikaokota visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, vingi, nikaviosha. Kila mtoto nikampa chake asubuhi. Nikaweka mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia karibu na mlango. Mtoto akirudi ndani baada ya uji, anatia kisoda chake kwa mkebe. Halafu mimi nahesabu visoda. Sihesabu mtoto. Nyanya alikuja kutazama, akainamisha kichwa, akasema, "Hapo umetumia akili." Watoto wakarudi wote.

Niliandika hayo katika daftari kurasa mbili na nusu. Nilichora hata picha ya mkebe.

Madam Eliza huyachukua madaftari mara moja kila muhula. Alipoliona langu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Hongera sana. Umeheshimu mila na umefundisha hesabu kwa pamoja. Utatuonyesha kwenye semina ya Machi." Na sote tunajua kwamba baada ya semina hiyo atachagua mtu mmoja wa kwenda kozi, ile yenye cheti. Tunasikia tena kwamba walimu wasio na cheti wataondolewa polepole. Nani ataondolewa kwanza? Wa darasa la nane.

Nilisoma ile kalamu nyekundu mara nyingi sana hata nikaona aibu.

Lakini kuna kitu sikuandika.

Mkebe sikuuweka kwa ajili ya nyanya peke yake. Ningeweza kuita majina. Kuita jina si kuhesabu, hakuna mzee angenikataza. Lakini majina thelathini na manne, na huyu hajibu, na yule anamjibia mwenzake, uji umekauka mdomoni, inachukua muda mrefu. Na saa nne ndiyo saa ambayo mama mkwe wangu huniletea Zawadi anyonye. Maziwa yanakuwa yameshaanza kulowesha blauzi. Kwa hiyo watoto wakiwa wanatia visoda, mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia kwenye kona, namnyonyesha mwanangu, nasikiliza. Kling. Kling. Kling. Sauti nzuri. Nilikuwa nafumba macho.

Kamati ya nasari haijui kwamba mtoto huletwa. Madam hajui. Wenzangu katika daftari hawajui.

Jumatano.

Visoda vililia, nikatoka nyuma ya pazia Zawadi akiwa bado kifuani chini ya leso, nikamwaga mkebe mezani, nikahesabu. Thelathini na nne. Nikaanza kuwaimbisha.

Nikasikia hodi. Alikuwa Mama Salma, yule anayekaanga mahamri karibu na pale watu wanapovukia reli. Alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake, jasho linamtoka. Nyuma ya buibui niliona miguu miwili midogo yenye vumbi.

"Mwalimu, huyu si wako?"

"Wangu wametimia, Mama Salma. Nimeshahesabu."

"Wametimia?"

"Thelathini na nne. Labda ni wa nasari ile ya kanisani." Na nikamwonyesha mkebe. Nilinyoosha mkono kabisa nikamwonyesha.

Mama Salma aliutazama mkebe. Kisha akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Mwanangu, mimi nimekushikia mtoto mkononi, wewe wanionyesha mkebe?"

Kichwa kikachungulia nyuma ya buibui. Mkamburi. Ana miaka minne, na hukaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, karibu na miguu yangu.

Nahisi vibaya hata kuandika hapa, ambapo hakuna atakayesoma. Nilimkataa. Sikumtazama, nikamkataa.

"Alikuwa ameketi juu ya chuma cha reli," Mama Salma akasema. "Ajitoa mwiba. Hana habari. Na gari moshi la mizigo lapiga honi kule, nasikia mpaka tumboni. Niliacha mafuta motoni nikakimbia, mahamri yote yameungua."

Nilimwambia tu, "Asante, mama. Asante."

"Mshukuru Mungu. Mimi mbio zangu hizi umezionea wapi?" Akacheka, akajifuta jasho kwa ncha ya buibui. Akamtazama Zawadi chini ya leso, akanitazama mimi. "Na huyo mpe anyonye, hana kosa. Lakini macho yawe mlangoni, umesikia?"

Mkamburi, kumbe, alikuwa anaenda kwao ng'ambo ya reli kumtazama mtoto. Mamake amejifungua Jumanne. Alitaka kuona kama bado yuko.

Na kisoda chake je? Nilimwita rafiki yake. Ni yule yule Wakesho, mjukuu wa nyanya wa fimbo.

"Wakesho, wewe ulitia visoda vingapi?"

"Viwili."

"Kwa nini viwili?"

"Kimoja cha Mkamburi. Alinipa. Akasema nimtie kwa mkebe ndio awe amerudi."

Aliniambia bila uoga wowote. Hakudanganya. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba ukitiwa kwa mkebe umerudi.

Mchana nilimpeleka Mkamburi mwenyewe mpaka kwao, nikamweleza mamake yote, akiwa kitandani na kichanga. Nilitarajia anitukane. Alimvuta Mkamburi kitandani akamshika, akamshika, halafu akaniambia, "Asante kwa kuniambia, mwalimu." Afadhali angenitukana.

Alhamisi na Ijumaa nimeita majina. Zawadi mgongoni analia, mimi mlangoni naita, kila mtoto akipita namgusa kichwa. Tunachelewa. Hakuna neno.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na aibu yangu na ningeendelea kuishi.

Lakini jana, Ijumaa, daftari limenirudia kutoka Maungu. Na Wanza ameandika ukurasa mzima. Nitaunakili hapa kidogo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuuona:

"Dada yangu wa Voi, mkebe wako umeniokoa. Nina watoto hamsini na wawili na nilikuwa napoteza saa nzima kuita majina. Sasa siiti tena, asubuhi wala baada ya uji. Wanatia visoda, mimi nasahihisha vitabu vyangu kwa amani. Tena hapa visoda ni vingi, madereva wa malori wanatuachia."

Malori. Nasari ya Wanza iko ukingoni mwa barabara ya Mombasa. Haina ua. Nimefika pale mara moja. Malori yanasimama mbele, mengine yanageuza, dereva akirudi nyuma haoni mtoto aliye chini. Wanza alikuwa ananiambia siku ile, "Mimi hapa kazi yangu si kufundisha, kazi yangu ni kuhakikisha wako ndani."

Na sasa anahakikisha kwa mkebe wangu.

Nilikaa na daftari mapajani nikasikia baridi, na joto lote hili.

Leo Baba Zawadi amerudi mapema kutoka shamba la mkonge. Nikamweleza. Alikuwa anafua nepi za Zawadi kwenye karai wakati tunaongea, kwa hiyo siwezi kusema hajali.

"Kwani mtoto amekufa?"

"Hajafa."

"Sasa unaandika nini?"

"Naandika kwamba mkebe unadanganya."

Akakamua nepi, akaitundika, akachukua nyingine. "Mama Zawadi, sikiza. Semina ni mwezi ujao. Nenda, onyesha mkebe wako, upewe hiyo kozi. Ukirudi na cheti andika unachotaka. Andika hata kitabu."

"Na Wanza?"

"Wanza ni mtu mzima. Ana macho."

"Mimi pia nina macho. Yalikuwa wapi?"

Alisema tu, "Mimi nataka usitolewe kazi," na akaingia ndani. Naye anasema kweli. Mimi pia sitaki kutolewa kazi. Sina kazi nyingine ninayoijua, na hii yenyewe ndiyo bado najifunza.

Basi nikafungua lile daftari kubwa nikajaribu.

Kwanza niliandika hivi: "Nimegundua kwamba watoto wengine si waaminifu katika matumizi ya visoda." Nikasoma. Nikaona uso wa Wakesho, alivyonijibu. Nikakata kwa mistari mitatu.

Halafu nikaandika: "Mkebe ni mzuri lakini unahitaji kuboreshwa kidogo." Kidogo! Mtoto yuko kwenye reli, mimi naboresha kidogo. Hiyo nayo nikakata. Sasa ukurasa ni mchafu na Madam atauona vile vile.

Nikaanza kugeuza kurasa nyuma, nikijitafuta. Na nikaona jambo ambalo limenichanganya zaidi. Kurasa zangu za mwanzo zimejaa vitu vilivyoanguka. Mtoto anayeuma. Siku niliyofundisha rangi kwa maua na watoto wakayala. Siku niliyopiga kelele mpaka nikajiogopa. Lakini tangu ile kalamu nyekundu, sijaandika tena jambo lililoanguka hata moja. Kila nikiandika ni "nimefaulu," "watoto wamefurahia," "nawashauri wenzangu." Nani huyu? Lini nilianza kuwashauri watu?

Na Wanza naye, tangu nianze hivyo, ameacha mizaha. Anaandika na yeye "nimefaulu."

Naomi peke yake ndiye hajabadilika.

Nilipofika kwenye zile kurasa mbili na nusu za mkebe, nikaona pembeni, karibu na doa la utomvu, ile penseli yake ndogo. Nilikuwa nimeiona zamani. Nakumbuka nilikasirika, nikasema moyoni huyu ana wivu. Ameandika hivi tu:

"Wakati wanatia visoda, wewe unasimama wapi?"

Swali moja. Lilikuwepo siku zote. Limepita Maungu likanifikia, likazunguka tena, na mimi sikulijibu kwa sababu halikuwa pongezi. Madam hakuliona, au aliliona akasubiri nijibu. Wanza hakuliona. Kama ningelijibu kwa kweli wakati ule, ningelazimika kuandika "nyuma ya pazia," na hapo hapo ningejua.

Nimelitazama mpaka Zawadi akaamka akataka kunyonya. Nimemnyonyesha huku naandika kwa mkono mmoja, mwandiko wangu mzuri umeharibika, na nimeandika hivi katika lile daftari kubwa:

"Mkebe wangu haufai. Jumatano ulisema watoto wote thelathini na wanne wako ndani, na mmoja alikuwa ameketi kwenye reli. Mwenzake alimtilia kisoda. Alipoletwa mlangoni na mtu mwema nilisema si wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshahesabu. Naomi, uliniuliza nasimama wapi. Sikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia namnyonyesha mtoto wangu, ambaye huletwa kila siku saa nne, na nasikiliza visoda vikianguka bila kutazama nani anaviangusha. Mkebe niliuanzisha ili nisiwanyooshee watoto kidole, hiyo ni kweli. Lakini niliupenda kwa sababu ulinipa nafasi ya kukaa. Hiyo sikuiandika. Sasa naita majina mlangoni. Naomba mnisaidie, mwenye mtoto anayenyonya anafanyaje saa nne?"

Nimemaliza. Nilidhani nitajihisi mwepesi, kama watu wanavyosema. Sihisi hivyo. Nahisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake na kuacha kila kitu kinaonekana, mpaka vyombo vichafu.

Madam akisoma, sijui. Labda atasema huyu amejifunza. Labda atasema huyu huleta mtoto kazini na karibu afishe wa wenzake. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana siwezi kumkasirikia kabla hajasema. Kozi labda ataipata Naomi. Nikijiuliza kwa haki, Naomi anastahili, na nikijiuliza tena, nataka niwe mimi. Sijui mtu anafanya nini na moyo wa namna hii.

Na swali lingine: daftari hili ni la kujifunza au la kuonekana? Siku ya kwanza nilijua jibu. Leo sijui. Kama hakuna anayesoma, siandiki vizuri. Kama Madam anasoma, siandiki kweli. Labda inatakiwa awepo mtu wa katikati, kama Naomi, asome kwa penseli.

Nilikuwa karibu kufunga nilale kidogo na Zawadi. Mama Bahati anarudi Taveta kesho mchana, ningempa daftari kama kawaida.

Ndipo nikahesabu siku.

Likienda Taveta kwanza, Naomi atakaa nalo wiki, labda mbili. Kisha lisubiri ndizi. Kisha lishuke Maungu. Wanza atasoma ukurasa wangu katikati ya mwezi ujao. Kila siku saa nne ya asubuhi watoto hamsini na wawili wanatia visoda, wiki moja, wiki mbili, wiki tatu, na dereva anarudi nyuma, na Wanza amekaa kwa amani. Na mimi huku nitakuwa nimeshatubu vizuri sana kwa maandishi.

Nimemwita Baba Zawadi. Nimemwambia kesho sitaenda kanisani hapa. Nitaenda Maungu asubuhi na mapema, na daftari, na Zawadi.

"Zamu ni ya Taveta," akasema. "Si ndivyo mlivyopangiana?"

"Nitavunja zamu."

"Na huyo Madam wenu?"

"Sijui."

Alikuna kichwa, kisha akaenda kuangalia kama nepi zimekauka, kwa sababu tutazihitaji njiani.

Wanza huimba kwaya, kwa hiyo nitamngoja nje ya kanisa lao. Nikimpa ukurasa asome palepale, atasoma yote, pazia na maziwa na kila kitu, mbele ya wanakwaya wenzake. Nimekuwa nikijaribu maneno tangu jua lianze kushuka, na kila nikianza naanza na "samahani," halafu najieleza, najieleza, mpaka mwenyewe nachoka kunisikia.

Nafikiri sitaeleza kwanza. Maelezo yako ndani ya daftari, atasoma akitulia. Nitamsalimu, nitamshika mkono nimvute pembeni, nimwambie:

Wanza, Jumatatu ita majina. Yote hamsini na mawili.